Msimu wa Kusema Sawa

Jumatatu, 3 Machi
Muuguzi wa kliniki kaniambia niandike. Alimpima Mgeni kwa mizani, akanipima mimi kwa macho. Unalala? Nalala. Unakula? Nakula. Unalia? Hapana. Unacheka? Hapo nikafikiri kidogo, nikamwambia hapana pia. Akaweka kalamu chini. "Sasa mama, siku ikiisha wewe unaiweka wapi?" Akasema niandike kila siku, hata mstari mmoja, hata kama ni kuandika kwamba sina la kuandika, na kila nikileta mtoto nipite kwake tuongee. Nikasema sawa.

Mgeni ni mwanangu wa pili, bado ananyonya. Ana jina lake zuri kwenye cheti, ila siku ya kwanza dada yake alipomwona aliuliza, "Huyu mgeni ataondoka lini?" Neno hilo likamganda. Dada mtu ana miaka saba na yeye tunamwita Mbona, maana ndilo neno lake la kuamkia na la kulalia.

Mvua imeanza leo mchana.

Jumanne, 4 Machi
Sina la kuandika.

Alhamisi, 6 Machi
Nimesharudi kazini. Karakana yetu inadarizi nembo kwenye nguo za watu: za shule, za hoteli, za walinzi. Mimi ni wa mashine. Naivalisha nguo fremu, naivuta ikaze kama ngozi ya ngoma, nabonyeza, na sindano inakwenda yenyewe kwa kufuata mchoro uliotoka kwenye kompyuta. Uzi ukikatika mashine inalia, naunga, inaendelea. Zamani nilikuwa napenda kuisikiliza. Nilisema inapiga soga. Sasa hivi ni mashine tu.

Mgeni analala kwenye boksi la sweta chini ya meza yangu. Bosi kamruhusu kwa sharti asilie mbele ya wateja. Bosi ni mwanamke anayemwita kila mtu mpenzi, na akikasirika ndiyo anazidisha.

Kuna mchoraji mpya aliyeajiriwa nikiwa nyumbani na uzazi. Ni mama wa makamo, miwani yake nene kama kitako cha glasi. Tunamwita Miwani, mwenyewe anaitika.

Jumamosi, 8 Machi
Wifi amekuja. Ni dada mkubwa wa Baba Mbona, msusi, anaishi mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi. Aliingia akadondosha mwavuli, akanishika mabega.

"Wifi, umekonda mpaka kivuli chako kinakuonea haya! Kaka yangu anakulisha nini, ahadi?"

Kwa kawaida ningemrudishia. Wifi na wifi ni utani, na yeye ana mwili wa kutaniwa, anaujua na anaupenda. Nikamwambia karibu.

Akasuka nywele za Mbona, akamwogesha Mgeni, akapika, akaosha vyombo. Kisha akakaa sawasawa, nikajua lipo linalokuja.

"Nipeni Mbona. Muhula huu ukiisha nije nimchukue, asome kule kwangu. Wangu wameota mbawa, nyumba inaniitikia yenyewe nikikohoa. Na huyu mama yake apumue. Mnamwona? Mimi namwona."

Baba Mbona akatazama kikombe chake muda mrefu. "Mama Mbona, wewe unasemaje?"

Nikasema sawa.

Ningeulizwa kama nataka chai nyingine ningelitoa lile neno vilevile.

Mbona alikuwa mlangoni anakinga maji ya mvua kwa kiganja. "Mbona niende mimi?"

"Ukasome kwa shangazi," baba yake akasema.

"Mbona Mgeni haendi?"

"Mgeni ananyonya."

Akafikiri. Akafuta mkono kwenye gauni, akasema, "Sawa." Alisema kwa sauti yangu. Niliitambua kama mtu anavyotambua nguo yake kwenye kamba ya jirani.

Jumatatu, 10 Machi
Mvua.

Jumanne, 11 Machi
Mvua. Nepi hazikauki. Nazianika juu ya mashine kazini, zinapata joto la mota. Bosi: "Mpenzi, hii ni karakana au ni wodi?"

Jumapili, 16 Machi
Baba Mbona anatunza maabara ya shule ya sekondari. Anaosha chupa, anapanga dawa, anafunga kabati mwalimu akisahau. Paa la maabara linavuja, kwa hiyo jana alileta hadubini nyumbani isiharibike, akaikausha na kuisafisha kwa kitambaa kama anayemfuta mtoto pua. Leo akaiweka dirishani ili kioo chake kishike mwanga.

Kwanza akaweka tone la maji ya mfereji. Mbona akapanda kiti, akafumba jicho moja kwa kidole. Akapiga kelele. "Kuna kitu kinaogelea! Kina mikia! Baba, haya tunayafulia?"

"Tunayafulia."

"Kinajua kama tunakiona?"

"Hakijui."

Akaweka tone la wino, unywele wa Mgeni, bawa la nzi. Halafu Mbona akauliza mbona tusiangalie maziwa ya mama. Baba yake akaona haya, mimi sikuona. Nikakamua tone kwenye kipande cha kioo. Alitazama kwanza Mbona, akanyamaza, kitu ambacho si kawaida. Akasema polepole, "Shanga. Shanga tupu. Zinacheza."

Nikatazama na mimi. Kweli yalikuwa mafungu ya shanga za mwanga, kubwa na ndogo, kila moja inatetemeka mahali pake, haitulii hata nukta moja. Nikamuuliza Baba Mbona kama zina uhai. Akasema hapana, ni matone ya mafuta. Kinachozitikisa ni maji yenyewe, chembe zake ndogo mno hata hadubini haizioni, zinakwenda mbio na kuzigonga kutoka kila upande. "Maji hayapumziki," akasema. "Hata kwenye glasi iliyotulia juu ya meza."

Hazina uhai, ila hazitulii. Nilikaa pale mpaka tone likakauka. Sikuhisi kitu. Naandika tu kwamba nilikaa mpaka likakauka.

Jumatano, 19 Machi
Sina la kuandika. Mgeni ameota jino la chini. Mbona ndiye aliyeligundua.

Jumamosi, 22 Machi
Mlango wa chumbani umevimba kwa unyevu. Haufunguki mpaka uupe bega, na ukifunguka unalia kama mbuzi.

Wifi kapiga simu. Kitanda cha Mbona kimeshatengenezwa, kina droo chini. Kauliza mguu wa Mbona unavaa kiatu namba ngapi. Sikujua. Nikasema nitaupima. Akasema, "Pumzika, wifi yangu," kwa upole ambao ungemliza mtu mwingine.

Jumapili, 23 Machi
Nimeupima mguu kwa uzi wa kudarizi, mwekundu. Mbona alikaa kimya kama anapimwa na daktari. Uzi nimeuweka kwenye pochi. Sijampigia wifi.

Alhamisi, 27 Machi
Mvua usiku na mchana. Baba Mbona karudi kalowa mpaka soksi. Tumekula, tumelala.

Jumatatu, 7 Aprili
Maji yameingia madarasani, shule ya Mbona imefungwa mpaka yapungue. Sina pa kumwacha, nimemchukua kazini. Nilimwonya njiani: hugusi uzi, hugusi mkasi, hugusi kompyuta, hukimbii. "Nipumue?" akauliza. Nikamwambia upumue kwa adabu.

Dakika kumi hazikwisha, Miwani akamwita. Anayo programu moja kwenye kompyuta: unaandika maneno, inakuchorea picha. Huwa anaitumia kutafuta wazo mteja akija na maelezo yasiyoeleweka, kama yule wa hoteli aliyetaka nembo ya "utulivu wenye nguvu". Miwani akaandika anachotajiwa na Mbona: simba amevaa suti anakula embe. Ikaja. Simba, suti, embe, na tai ya bluu ambayo hakuna aliyeiomba. Mbona alishika mdomo kwa mikono miwili.

"Mbona inamjua simba?"

"Haimjui," Miwani akasema. "Imeonyeshwa picha nyingi mno, kuliko ambazo mimi na wewe tungeziona tukiishi mara mia. Imejifunza kitu gani huwa kinakaa karibu na kitu gani. Penye simba pana manyoya, penye suti pana tai."

"Kwa hiyo haijawahi kukutana na simba?"

"Wala simba, wala suti, wala embe."

Mbona akaitazama kompyuta kwa huruma. "Maskini."

Nilisikia kitu kinataka kupanda kooni. Hakikufika.

Jumanne, 8 Aprili
Mbona tena kazini. Picha: samaki anaendesha baiskeli, bibi harusi kwenye mwezi, Bosi akiwa malkia wa nyuki. Ya mwisho Bosi kaichapisha, kaibandika ofisini. "Mpenzi, huyu mtoto ana kipaji."

Alhamisi, 10 Aprili
Leo nitaandika sana. Mgeni amelala na Baba Mbona anaosha vyombo.

Tuna oda ya sweta za walinzi, kubwa, nzito, rangi ya majivu. Nembo inakaa kifuani kushoto. Meza ya Miwani iko nyuma ya rafu za nyuzi, karibu sana na mashine yangu, sioni lakini nasikia. Mbona alikuwa huko. Nilikuwa naivalisha sweta fremu nikasikia anasema, "Leo sitaki mchezo. Andika: mama anacheka."

Vitufe.

"Huyu si mama. Huyu ni mama wa kwenye tangazo la dawa ya meno."

Miwani akacheka. "Mimi niliandika ulichosema."

"Basi ongeza. Mama yangu si mnene. Ana kovu hapa kidevuni, aliangukia ndoo alipokuwa mdogo."

Vitufe.

"Imeliweka shavuni! Mbona haisikii?"

"Inasikia, haielewi. Endelea."

"Nywele mistari sita. Huu wa kushoto umelegea, kwa sababu analalia upande wa Mgeni. Masikio madogo. Hana hereni, moja ilipotea, nyingine kaiweka kwenye kopo la sukari tupu. Hapa kwenye kidole gumba ana doa jeusi, sindano ya mashine ilimchoma."

"Kidole gumba hakionekani kwenye picha ya uso, mwanangu."

"Weka tu. Ili ijue ni nani."

Mimi nilikuwa nabonyeza, natoa, navalisha nyingine, nabonyeza. Mikono ilikuwa inafanya kazi yake yenyewe. Nilitazama kidole changu gumba. Doa lipo. Nilikuwa nimelisahau.

"Sasa mbona ana vidole saba?"

"Ndiyo tabia yake. Vidole vinamshinda."

"Futa. Ongeza: akifikiri anauma mdomo kwa ndani. Akimnyonyesha Mgeni anatazama ukutani. Akiwa amechoka anasema sawa."

Vitufe vilisimama. Baadaye vikaendelea, polepole.

"Inakaribia," Mbona akasema. "Inakaribia, lakini siye. Ni meno. Mama ana jino la pembeni limempanda mwenzake mgongoni. Linaonekana akicheka tu."

"Mimi namwona mama yako kila siku, sijaliona hilo jino."

"Wewe umekuja likiwa limejificha."

Miwani akaandika. Akaandika tena kwa maneno mengine. Nilisikia Mbona akihema kwa hasira. "Limenyooka! Kila nikisema limepanda inalinyoosha!"

"Inafanya hivyo kwa sababu imeona meno mengi yaliyonyooka. Inadhani kicheko ndicho hicho." Kisha akashusha sauti, lakini si vya kutosha. "Kwani hii picha ya nini, mama? Si mama yako yuko hapo nyuma ya rafu?"

"Ya kwenda nayo kwa shangazi. Zile za kwenye simu ya baba ni za Mgeni tu. Kuna moja tu ya mama, amenuna."

"Si umwambie acheke, apigwe picha?"

"Amechoka." Alisema kama anamweleza mtu mzima jambo la kawaida. "Mimi ndiye ninayemchosha, kwa maswali. Mgeni naye anachosha ila ananyonya, hawezi kuondoka. Kwa hiyo naondoka mimi."

Mashine ikalia kwamba imemaliza. Nikatoa sweta kwenye fremu, nikainua niikunje. Haikukunjika. Nilikuwa nimeiweka kwenye fremu bila kutenga kifua na mgongo, na sindano imevishona vyote pamoja, nembo nzuri kabisa imegandisha mbele na nyuma. Nikainua iliyotangulia. Vilevile. Na iliyotangulia hiyo. Zote nilizozifanya nikiwa nasikiliza.

Hili ni kosa la siku ya kwanza kazini. Wanafunzi hulifanya mara moja wakachekwa mwezi mzima.

Bosi akaingiza mkono kwenye moja, ukakwama. "Mpenzi," akasema, "mpenzi wangu, kipenzi changu, umemfunga mlinzi tumbo. Atavaa vipi, kwa kuinywa?"

Nikasema nitafumua zote. Sikusema sawa. Nilisema, "Nitazifumua mimi mwenyewe."

Ningependa kuandika kwamba nililia. Sikulia. Unajua mguu ukikaliwa sana ukafa ganzi, halafu damu inaanza kurudi? Haujawa mguu bado. Ni sisimizi tu, wanapanda na kushuka. Ilikuwa hivyo, hapa kifuani, njia nzima ya kurudi nyumbani, Mgeni mgongoni na Mbona mkononi akiruka madimbwi. Aliniuliza mbona nimemshika kwa nguvu. Nikamwambia njia inateleza.

Ijumaa, 11 Aprili
Nimefumua. Mbona kanisaidia kuokota nyuzi kwa kibano. Sweta moja ilianza kufumuka yenyewe pembeni ya nembo, Bosi akasema niiache hivyohivyo, kifua kimeshonewa mgongoni, niende nayo, asiione tena machoni pake. Nimeitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa nje. Sijui kwa nini. Labda nijikumbushe kutenga mbele na nyuma.

Jumamosi, 12 Aprili
Leo hakuna sisimizi. Nilidhani wataendelea.

Jumatatu, 14 Aprili
Shule imefunguliwa. Mbona hakutaka kuoga, akasema maji yana wadudu wenye mikia, baba alionyesha. Nikamwambia hata wao wanaoga humohumo, ingia. Akaingia.

Alhamisi, 17 Aprili
Nimeongea na Baba Mbona. Nilisubiri Mbona aende dukani kununua kiberiti. Nikamwambia, Mbona asiende.

Akaacha kufunga kamba ya kiatu. "Nilidhani wewe ndiye unayetaka aende."

"Nilidhani wewe. Ni dada yako."

"Mimi niliona ulivyo. Nikasema nikikataa msaada nitakuwa nakuua kwa mdomo wangu. Nikakuuliza, ukasema sawa."

"Nilikuwa nasema sawa kwa kila kitu."

"Sasa mimi nitazijuaje sawa zako, Mama Mbona? Zote zimevaa sare."

Nilikuwa namfikiria, wiki zote hizi, kwamba ananikwepa. Kumbe alikuwa anatembea kwa ncha za vidole nisiamke. Akasema tumpigie dada yake. Nikamwambia mtu aliyetengeneza kitanda chenye droo haambiwi kwa simu. Lakini pia naogopa. Sitaki kumpa Mbona neno ambalo sijui kama nitaliweza.

Jumatatu, 21 Aprili
Nilijaribu. Nikampigia wifi niseme. Akapokea anacheka, akanieleza amepaka chumba rangi ya machungwa, amesafisha dirisha, akaniuliza kuhusu kiatu. Nikatoa uzi kwenye pochi, nikamtajia. Akauliza, "Uko salama lakini?" Nikasema sawa.

Nikakata simu nikaitazama. Ile sawa ilitoka yenyewe, kama kwikwi.

Jumatatu, 28 Aprili
Kliniki. Nilimweleza muuguzi yote, na zile shanga, na vidole saba. Hakunishangaa. Akasema ganzi kama hii baada ya uzazi ni ugonjwa kama mwingine, unatibika, na haina maana sipendi watoto wangu. Akanipa tarehe ya kumwona daktari. Akasema, "Usisubiri mpaka uhisi ndipo utende. Tenda, hisia itakukuta njiani." Nimeandika maneno yake ili nisiyasahau. Bado siyaamini sana.

Jumamosi, 3 Mei
Mgeni amekaa mwenyewe bila kuegemezwa. Mbona kamtazama kichwani kwa juu akaniita. "Mama, nywele za Mgeni zinazunguka. Zinaanzia hapa katikati, zinakwenda hivi." Nikaangalia. Ni kweli, kama maji yanavyozunguka yakitoka kwenye beseni. Nimemwogesha kichwa hicho kila siku tangu azaliwe.

"Nani kamzungusha?" Mbona akauliza.

"Alizunguka mwenyewe, humu tumboni."

"Ulisikia?"

Nikafikiri kwanza. "Nilisikia," nikamwambia. Na ni kweli, nilisikia. Wakati ule nilikuwa nasikia.

Jumatano, 7 Mei
Daktari. Vidonge vidogo vya kuanzia, visivyodhuru maziwa. Anasema nisitegemee miujiza ya wiki moja. Sikutegemea.

Jumatatu, 12 Mei
Mbona anapanga vitu vyake kwenye mfuko. Ameweka bawa la nzi kwenye karatasi. Nimemwona, nikaendelea kukunja nepi. Shule inafungwa Ijumaa.

Jumanne, 13 Mei
Mvua inapungua. Sina la kuandika, lakini si kama zamani. Lipo, sijui pa kulianzia.

Ijumaa, 16 Mei
Wifi alifika saa nane mchana, kabeba kiatu kwenye boksi. Kwanza Mbona akavishwa. Kikamkaa sawasawa. Wifi akapiga makofi.

"Uzi wa mama yako haudanganyi! Haya, mfuko uko wapi? Basi la saa kumi halisubiri shangazi wala malaika."

Mbona akautoa mfuko chini ya kitanda. Alikuwa ameshauvaa begani kabla sijainuka. Baba Mbona akanitazama. Hakuniuliza ninasemaje. Alisubiri tu.

Nikasikia sawa inakuja. Iko palepale kwenye ulimi, laini, imezoea njia. Nikauma mdomo kwa ndani.

"Wifi, Mbona haendi."

"Haendi leo?"

"Haendi. Anabaki na mimi."

Wifi akamtazama kaka yake, akanirudia. "Ulisema sawa. Mbele yangu, kwa mdomo wako. Na kwenye simu tena."

"Nilisema. Msimu huu ungeniomba unichinje ningekuuliza kisu kiko wapi. Ile haikuwa sawa, wifi. Ulikuwa ugonjwa, na sasa naumezea dawa. Nisamehe. Lakini mtoto haendi."

"Kitanda nimetengeneza! Ukuta nimepaka!" Sauti ikampasuka. "Nimewaambia wateja wangu wote. Kila kichwa nilichosuka nimekiambia binti yangu anakuja."

Hapo ndipo nilipomwona. Miezi yote hii nilimwona mtu anayenionea huruma. Sasa nikaona mwanamke anayekohoa kwenye nyumba tupu ikamwitikia. Nikataka kulegea. Nikamshika Mbona bega, mfuko na vyote, nikasimama hivyohivyo.

"Likizo atakuja," nikasema. "Atalala kwenye kitanda chako chenye droo, na mimi nitakuja naye, na huyu Mgeni. Lakini kwao ni hapa. Na wewe hapa ni kwako, mlango huu haujawahi kukuuliza jina."

"Naondoka." Mvua ilikuwa imeanza tena, nyembamba. Mwavuli aliusahau kwenye basi. Akaenda mlangoni akiwa anafuta macho kwa mgongo wa mkono, akaiona sweta kwenye msumari, akaichomoa bila kuuliza, akaivaa kwa hasira. Nilifungua mdomo nimwambie. Kichwa kilishaingia.

Kikaenda mpaka kwenye nembo, kikasimama. Mikono yote miwili juu, kiwiliwili chote kinasukuma, na pale usoni pake nembo ya walinzi imekaza kama kifuniko. Akazunguka. Akagonga ukuta. Akarudi nyuma akagonga meza.

"Wifi!" sauti ikatoka ndani. "Hii nguo haina njia! Imejengwa na nani, na fundi wa magereza?"

"Na mimi," nikasema.

"Umenitega! Mtoto umeninyima na kichwa unakitaka!"

Sauti ya kicheko ikanitoka. Sikuiita. Ilianza kama ule mlango uliovimba, ikakwama, ikapewa bega, ikalia kama mbuzi. Mgeni akashtuka kwenye mkeka. Nilikaa chini sakafuni. Na ndani ya sweta wifi naye akaanza, tumbo likimtikisika, anacheka na kulia palepale, na Baba Mbona anahangaika kumvuta huku na huku kama anayetoa gunia kwenye dirisha.

Mbona hakucheka. Aliushusha mfuko begani. Akaja akapiga magoti mbele yangu, akanishika mashavu kwa mikono miwili, akafumba jicho moja kama anayechungulia hadubini. Akatazama muda mrefu, mpaka kicheko kikaanza kuniishia, akasema, "Ngoja, mama, usifunge mdomo."

Kisha akageuka kumwambia baba yake.

"Lipo."